Utitiri wa vumbi chumbani: anza na mto, sakafu itasubiri

Ujumbe ninaoupokea unafanana. "Napiga deki asubuhi na jioni, madirisha nimefunga, mtoto bado anaamka na chafya kumi mfululizo." Nikiuliza mto wa mtoto una miaka mingapi, kimya. Halafu jibu linakuja: "Ule mto ni wa kaka yake, alirudi nao kutoka bweni."

Kosa ni hilo. Vumbi la Dodoma tunaliona kwa macho. Linapita kwenye luva, linatanda juu ya televisheni, ukilifuta saa nne, saa saba limerudi. Kwa kuwa linaonekana, nguvu zote tunazimalizia huko. Lakini pua inayoziba saa kumi alfajiri na kufunguka ukishafika kazini, mara nyingi haigombani na vumbi la barabarani. Inagombana na utitiri wa vumbi, ndugu wa mbali wa ule utitiri wa kuku. Huu wa vumbi ni mdogo zaidi, kama robo ya milimita, haumuumi mtu, na chakula chake ni magamba ya ngozi yanayotudondoka tukilala. Kinacholeta mzio, au aleji kama wengi tunavyosema, hasa ni kinyesi chake na mabaki ya miili yake.

Utitiri huu haunywi maji. Unanyonya unyevu wa hewani, na hewa ikikaa chini ya asilimia 50 ya unyevu kwa muda mrefu unakauka na kufa. Kwa hiyo Dodoma yetu, ambayo kuanzia Mei mpaka Novemba haioni mvua ya maana, ingekuwa kaburi lake. Tatizo ni kitanda. Usiku kucha unatoa jasho, pumzi inaingia kwenye mto, godoro linapata joto la mwili, na asubuhi unatandika shuka juu ya unyevu wote huo. Kitanda chako ni Tanga ndogo katikati ya Dodoma. Kazi yote iliyo hapa chini ni kukifanya nacho kiwe Dodoma.

## Vya kuandaa kabla ya Jumamosi

Usianze ukiwa na nusu ya vifaa. Godoro likishatoka nje na kava halijaisha kwa fundi, usiku utalala wapi?

- Mto mpya wa nyuzi za polista kwa kila mwenye chafya. Fedha ikiwa ya mto mmoja tu, mpe mgonjwa.
- Kava la godoro lenye zipu, la kufunika pande zote sita, na kava la mto la namna hiyo hiyo. Shuka ya kubana yenye lastiki siyo kava.
- Sufuria kubwa, jiko, beseni la plastiki ngumu, kitu cha kulifunikia, na mti wa kukorogea.
- Sabuni ya unga ya kawaida. Yenye manukato makali iache dukani.
- Nailoni nyeusi nzito, ile ya ujenzi inayotandazwa chini ya zege. Mita nne zinatosha.
- Fulana kuukuu nne za kufutia, dekio, ndoo mbili, brashi ngumu, barakoa.
- Kipima unyevu kidogo cha kuweka mezani, ukikipata. Si lazima.
- Maji. Chumba changu chenye kitanda kimoja hula madumu manane ya lita 20. Kama mtaa wenu uko kwenye mgao, jaza siku ya maji na ufanye kazi kesho yake.

Neno moja kuhusu kava. Makava yaliyotengenezwa maalumu kwa watu wenye mzio hayapatikani kirahisi, na yakipatikana bei yake inakata maini. Mimi nilishonesha. Unachotafuta ni kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana, kile ambacho ukikinyoosha mbele ya taa huoni vitundu. Kipime hivi: funga kijiko cha poda ya mtoto ndani ya kitambaa, kishike juu ya kitu cheusi, kipige kofi mara tatu. Poda ikivuja wingi, kinyesi cha utitiri nacho kitapita. Si kipimo cha maabara, lakini fundi wangu wa Majengo aliyeapa kwamba kitambaa chake "hakipitishi hata pumzi" alibaki anajipangusa poda kwenye shati, na tukachagua kingine.

Ukikosa kabisa, makintoshi, ile ya kutandika kwenye vitanda vya wagonjwa, inazuia vizuri. Kero yake ni joto, kwa hiyo juu yake weka shuka nzito ya pamba. Ile nailoni nyepesi iliyokuja na godoro kutoka dukani itoe. Inapasuka, inalimbika jasho, na kwa mtoto mchanga ni hatari ya kumziba pumzi.

## Hatua ya 1: Hakikisha unapigana na nani

Washa tochi, geuza godoro, kagua mishono. Ukiona madoa madogo meusi, magamba ya kahawia, au mwili wako una alama za kuumwa zilizopanga mstari, una kunguni. Hiyo ni vita nyingine, na mwongozo huu hautakutosha.

Dalili za utitiri ni chafya za alfajiri, pua kuziba au kutiririka, macho kuwasha, kikohozi cha usiku, pumu inayokaza kitandani, pumu ya ngozi inayowasha zaidi ukilala. Ukiwa unateseka tu pale upepo wa Agosti unapovuma na kitandani unapumua vizuri, huenda shida yako ni vumbi lenyewe la nje. Anzia Hatua ya 6.

Onyo: usipulize dawa ya wadudu kwenye godoro. Nyingi zimetengenezwa kwa mbu na mende, siyo utitiri. Hata ikiua, kinyesi kinabaki pale pale, na harufu yake inaweza kumkaza kifua mwenye pumu usiku huo huo. Nimeliona hilo nyumbani kwangu na sitaki kuliona tena.

## Hatua ya 2: Mto

Hapa ndipo pua yako inapolala kwa saa saba au nane, na hapa ndipo watu wanaporuka.

Jirani yangu wa Ilazo aliniita niangalie chumba cha binti yake. Vigae vilikuwa vinang'aa, ukidondosha ugali unaokota unakula. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limeingia dirishani limelala kama ubao kutoka kwenye kioo hadi kitandani. Nikauchukua mto, nikausogeza kwenye ule mwanga, nikaupiga kofi moja. Vumbi lilitoka mara moja upande wa mshono, halafu likawa linapanda taratibu, chembe zinameta, zinageuka, hazina haraka ya kushuka. Tulisimama pale tukilitazama mpaka tukachoka. Utitiri hatukuuona, wala hutauona kwa macho hayo ya kawaida. Jirani alijiziba pua kwa kanga akasema, "Na mimi ndipo ninapomlaza."

Amua hatima ya mto kulingana na ulichojazwa.

Sufi. Uondoe. Ukiufua, katikati haukauki vizuri, na unyevu uliobaki unaukaribisha utitiri upya pamoja na ukungu. Najua mto wa sufi una heshima yake, pengine ulishonwa na bibi. Uweke sebuleni, siyo chini ya kichwa cha mwenye pumu.

Vipande vya sponji. Kama umepita miaka mitatu na umeanza kumomonyoka, tupa. Kama bado mzima, utibu kwa jua kama ninavyoeleza hapa chini, kisha uuingize kwenye kava la zipu.

Nyuzi za polista. Huu unafulika. Ufue kwa maji ya moto ya Hatua ya 4 kila baada ya miezi mitatu, na uukaushe mpaka katikati.

Tiba ya jua: funga mto ndani ya nailoni nyeusi, uweke juu ya saruji au bati lililoinama penye jua kamili kuanzia saa tano hadi saa tisa alasiri, ukiugeuza mara moja katikati. Nailoni nyeusi inahifadhi joto kuliko mto ulioanikwa wazi, na utitiri hauvumilii joto la nyuzi 55 na kuendelea. Utajua umefaulu ukiingiza mkono katikati ya mto ukakuta pana joto la kukufanya uutoe haraka. Pakiwa vuguvugu tu, rudia kesho. Kisha utoe kwenye nailoni, uache upoe na kupumua, uupige mbali na nyumba, ndipo uuvalishe kava.

Nailoni hiyo usiiache watoto wakaichezea.

## Hatua ya 3: Godoro litoke saa tatu asubuhi

Linatoka mapema kwa sababu ndilo linalohitaji muda mrefu. Likiwa juani, wewe unafanya mengine.

Chagua siku. Kati ya Desemba na Aprili subiri mvua ikatike angalau siku mbili, ardhi na hewa vikauke. Kiangazi shida siyo mvua, ni upepo. Kama jirani anachoma taka au greda linachonga barabara ya mtaa wenu, ahirisha.

Godoro usililaze chini. Lipandishe juu ya viti, benchi au tofali ili hewa ipite chini yake. Kama ni la sponji, lifunike kwa kitenge cheusi au shuka nyeusi, kwa sababu jua la moja kwa moja linaifanya sponji igeuke njano na kuwa kama makombo. Saa saba ligeuze. Saa tisa au kumi linatosha.

Sasa sehemu ambayo wengi wanaiacha. Jua linaua na kukausha, lakini halitoi kinyesi wala mizoga, na hivyo ndivyo vinavyokupigisha chafya. Kwa hiyo lisimamishe godoro, vaa barakoa, simama upande unakotoka upepo, lipige kwa fimbo bapa kisha lisugue kwa brashi, hasa kwenye mishono na kingo. Mwenye mzio asiwepo hapo, wala asiwe mtu wa kufua barakoa hiyo. Ukiwa na mashine ya kufyonza vumbi, itumie taratibu sana, upande mmoja kwa dakika kumi. Mashine yenye chujio bovu inafyonza mbele na kutema vumbi laini nyuma, ndiyo maana hata hiyo naipeleka nje.

Mwaka wangu wa kwanza nililipigia godoro barazani, mlango wa chumbani uko wazi nyuma yangu, upepo unaelekea ndani. Nilijisifu jinsi vumbi lilivyokuwa linatoka. Usiku ule nililala nimeketi.

Na usijidanganye kwamba godoro limepona. Joto la jua linaingia sentimita chache tu, na utitiri unajua kukimbilia ndani. Ndiyo sababu ya lile kava.

## Hatua ya 4: Shuka, foronya na blanketi kwenye maji ya moto kweli

Maji ya baridi na sabuni yanaondoa sehemu kubwa ya kinyesi, lakini utitiri wenyewe wengi wanatoka hai. Kinachohitajika ni nyuzi 60. Swali linalofuata huwa ni hili: nitajuaje nyuzi 60 bila kipimajoto?

Kwa hesabu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka karibu na nyuzi 96, siyo 100. Changanya lita 10 za maji yanayotokota na lita 7 za maji ya bomba, utapata kama nyuzi 66. Shuka na beseni vikishayapoza kidogo, unabaki jirani na 60. Ndoo ndogo ya lita 10 na dumu lenye alama vinatosha kupimia.

Fuata mpangilio huu: nguo kavu kwenye beseni, sabuni, maji ya bomba, halafu ya moto mwisho, ukiyamimina taratibu pembeni. Zamisha kwa mti, funika, acha dakika 30. Baada ya hapo fua kwa mkono kama kawaida na suuza mara mbili, kwa sababu sabuni iliyobaki nayo inawasha ngozi.

Onyo: maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache. Beseni liwe mahali ambapo mtoto hafiki, na usiingize mkono kupima.

Mkaa na gesi ni ghali, sikatai. Kama huwezi kuchemshia vyote, chemshia foronya zote na shuka ya mgonjwa. Zilizobaki zifue kwa maji ya kawaida, zikaushe juani, kisha zipige pasi ya moto pande zote mbili. Kanga, batiki na vitu vinavyochuja rangi navyo viende njia hiyo ya pasi.

Blanketi la sufu ya kondoo litajikunja ukilitia maji ya moto. Lipeleke kwenye nailoni nyeusi, au kwenye friza kwa siku mbili likiwa ndani ya mfuko uliofungwa. Friza liwe limefika nyuzi 18 chini ya sifuri, siyo kile kichumba cha barafu juu ya friji. Midoli ya manyoya ya watoto nayo ndiyo tiba yake. Kama huna friza, muulize jirani anayeuza barafu. Mwanasesere mmoja kwenye mfuko safi hamchukulii nafasi. Baridi, kama jua, inaua tu, kwa hiyo baadaye vifue.

Kuanika: kamba iliyo kando ya barabara ya vumbi inarudisha kazi nyuma, kwani nguo mbichi inanasa vumbi kama ulimbo. Sogeza kamba nyuma ya nyumba, na uanue kabla ya jioni.

### Neti isiingie humo

Hili nalitenga makusudi. Neti yenye dawa haitiwi maji ya moto, haitiwi jiki, wala haianikwi juani. Dawa inaharibika. Ifue taratibu kwa sabuni ya mche na maji ya baridi, uikaushe kivulini, na kama mara moja kwa miezi mitatu inatosha. Katikati ya hapo ishushe, ipeleke nje, ikung'ute. Asikudanganye mtu kwamba kwa sababu neti inashika vumbi basi uache kuitumia. Malaria haijali kwamba una mzio.

## Hatua ya 5: Uvunguni

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na leo tunakitaka kila kilichopo: mabegi, viatu, magazeti ya 2015, godoro la wageni lililokunjwa, madumu matupu.

Huku kwetu kuna na magunia. Mtama, uwele, karanga, alizeti ya mbegu, vinakaa chumba cha kulala kwa sababu ndicho chenye kufuli. Nafaka zina utitiri wake wa ghalani, ambao nao unaleta mzio, na zinaita panya na mende, ambao kinyesi na mikojo yao ni sababu kubwa ya pumu. Hamishia stoo. Kama umepanga chumba kimoja na huna stoo, nunua pipa la plastiki lenye mfuniko wa kubana, liweke upande wa miguuni, na lile gunia tupu litoke nje kabisa.

Kapeti pia litoke. Usilifue, litoe tu. Sakafu ya saruji au vigae inapanguswa ikaisha. Ukitaka cha kukanyagia alfajiri ya Julai, mkeka unakung'utika. Mapazia mazito yenye tabaka mbili badilisha na jepesi moja linaloweza kufuliwa kila mwezi.

## Hatua ya 6: Futa kutoka juu kwenda chini

Chumba sasa ni kitupu. Anza na dari, au kenchi na bati kama huna dari, kisha mapanga ya feni, luva moja moja, wavu wa mbu, fremu, kabati juu, kitanda chenyewe mpaka kwenye chaga. Kitambaa kiwe kibichi kilichokamuliwa. Kile kifuta vumbi cha manyoya kinahamisha tu, kitupe.

Sakafu usiifagie kavu. Ufagio wa chelewa juu ya saruji kavu unarusha vumbi hewani, wewe unaondoka ukiwa umeridhika, lenyewe linashuka kitandani. Deki ya ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia dekio. Maji yakiwa na rangi ya chai ya rangi, badilisha.

Chini ya mlango weka mfuko mrefu wa kitenge uliojazwa mchanga. Miezi ya upepo funga madirisha ya upande upepo unakotoka, ukitulia fungua yote.

Mwenye mzio asirudi chumbani kabla ya saa mbili kupita. Kipimo cha kufaulu ni hiki: saa hizo zikiisha, pitisha foronya nyeupe juu ya ubao wa kichwani. Ikitoka nyeupe, umemaliza.

## Hatua ya 7: Kava kwanza, kitanda baadaye

Godoro likishapoa, livalishe kava pale pale nje au mlangoni. Zipu ielekee miguuni. Mwisho wa zipu kuna katundu kadogo ambako kila mtu anakasahau, kabandike kipande cha gundi ya kitambaa. Kava halivuliwi kila wiki. Unalipangusa kwa kitambaa kibichi unapobadilisha shuka, unaliacha likauke dakika chache, basi.

## Hatua ya 8: Acha kitanda kikauke kila siku

Tuliofundishwa kutandika kitanda kabla ya kunawa uso, hapa tutaudhika kidogo. Ukiamka, kunja shuka na blanketi upande wa miguuni, fungua dirisha, ondoka. Tandika baada ya saa moja. Jasho la usiku lipate pa kutokea.

Halafu angalia vitu vinavyoongeza unyevu bila wewe kujua. Feni ya maji, ile ya kumwagia maji na barafu ambayo Oktoba inanunuliwa kama njugu, inapoza kwa kuvukiza maji hewani. Kwa joto letu inafurahisha, lakini ikifanya kazi usiku kucha dirisha limefungwa, unawarudishia utitiri ile Tanga yao. Tumia feni ya kawaida. Ndoo na madumu ya akiba ya mgao yafunike au yakae nje ya chumba. Nguo mbichi zisianikwe ndani.

Kipima unyevu ukiwa nacho, kiweke kando ya mto, kisome mchana na alfajiri. Chini ya 50, vizuri. Alfajiri kikisoma 65 na mchana 40, tatizo ni hewa iliyofungwa usiku, achia luva kidogo.

Onyo la mwisho, na ni zito: usikaushe chumba wala kukipasha joto kwa jiko la mkaa. Usiku wa Julai baridi inashuka hadi nyuzi 13 au 14 na najua watu wanaingiza jiko ndani. Moshi usioonekana wa mkaa unaua watu usingizini.

## Baada ya Jumamosi

Foronya na shuka kila wiki. Pazia na feni kila mwezi. Mto na godoro juani kila miezi mitatu, na mara moja ya nyongeza mvua za masika zikikatika, maana Januari hadi Machi ndipo utitiri unapozaliana zaidi.

Usichague hatua moja ukaacha nyingine. Tafiti zimewahi kupima watu waliowekewa makava peke yake na nafuu ikawa ndogo au haipo. Na usitegemee miujiza wiki ya kwanza. Mto mpya unaweza kuusikia mapema, lakini mabaki yaliyotawanyika chumbani yanapungua polepole, kwa hiyo jipe miezi miwili hadi mitatu. Andika kwenye daftari: chafya za asubuhi ngapi, umeamka usiku mara ngapi, dawa ya kupuliza umetumia mara ngapi. Kumbukumbu ya kichwani inadanganya.

Dawa ulizoandikiwa usiziache kwa sababu chumba kimekuwa safi. Mtu akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zikiingia ndani akivuta hewa, midomo ikibadilika rangi, au dawa ya kupuliza isipomsaidia, hiyo ni hospitali sasa hivi, siyo kuanika godoro. Na kama miezi mitatu imepita, umefanya yote, na daftari halijabadilika, muone daktari aulizie mzio wa vitu vingine: paka, mende, ukungu wa ukutani.

Binti wa Ilazo daftari analiandika mwenyewe, kwa kalamu nyekundu. Chafya za asubuhi zilikuwa kumi na kitu mwezi wa Septemba, zikawa mbili au tatu Desemba. Februari zilipanda tena hadi saba. Mama yake aliniletea daftari akiwa amekunja uso, nikamuuliza mto umeanikwa lini mara ya mwisho. Akageuka, akamwita dada wa kazi alete nailoni nyeusi.